Simu Haiingizi Chaji Vizuri: Tafuta Kasoro Kabla ya Kununua Kipuri

"Simu haiingizi chaji" ni malalamiko matano yanayoitwa kwa jina moja. Kuna simu ambayo ukichomeka waya haionyeshi dalili yoyote. Kuna inayoonyesha alama ya chaji lakini asilimia hazipandi, au zinazidi kushuka. Kuna inayokubali pale tu waya unapoushikilia kwa pembe fulani. Kuna inayoingiza kidogo kidogo, usiku kucha ukapata asilimia thelathini. Na kuna inayofika 80 ikagoma hapo. Amua kwanza yako ni ipi. Pesa nyingi hupotea kwa kubadilisha betri kumbe waya ndio mbovu, au kung'oa tundu la chaji ambalo lilikuwa limejaa vumbi tu.

Umeme hutoka kwenye soketi, ukapita kichwa cha chaja, waya, tundu la simu, bodi ndogo iliyo chini ya simu, fleksi (utepe mwembamba wenye nyaya) inayopeleka umeme juu kwenye bodi kuu, chipu inayosimamia chaji, ndipo ukafika kwenye betri. Kazi yako ni kujua umekwamia wapi. Anzia ukutani uje ndani, na kila jaribio badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha kichwa na waya kwa mpigo na simu ikakubali, bado hujui kipi kilikuwa kibovu, na kile kibovu kitabaki kwenye droo mpaka siku utakapokitumia tena.

Betri imevimba?

Hili huangaliwa kabla ya lingine lolote. Laza simu kwenye meza iliyonyooka uiguse pembeni. Ikizunguka kama pia, au kioo kimeinuka upande mmoja, au mfuniko wa nyuma umeanza kuachana na fremu, betri imevimba. Hapo hakuna tena kujaribu chaja. Zima simu, usiichomeke, usiibonyeze ili irudi, wala usiitoboe "kutoa hewa". Kilichomo ndani kinawaka, na matabaka ya betri yakigusana moto hutoka ndani ya sekunde chache. Iweke mbali na nguo, karatasi na godoro, kisha ifike kwa fundi wa kuitoa. Betri ya namna hiyo haitupwi pamoja na taka za jikoni; inapelekwa panapopokelewa taka za elektroniki.

Kichwa cha chaja na waya

Waya ndio hufa kwanza kuliko vyote, kwa sababu ndio unaokunjwa kila siku. Angalia sentimita mbili tatu za mwanzo kutoka kwenye plagi, pande zote mbili. Ukiuona umelegea, umekunjika kama goti, au plastiki yake imebadilika rangi, umeshapata mshukiwa wako.

Waya wa kawaida wa USB una nyaya nne ndani: nyekundu inabeba volti 5, nyeusi inarudisha, kijani na nyeupe ni za data. Kila mmoja ni kifungu cha nyuzi nyembamba za shaba, na nyuzi hizo hukatika moja baada ya nyingine. Matokeo yake ni waya ambao haujafa: unapitisha umeme, ila kidogo. Piga hesabu. Waya ukiwa na upinzani wa om 0.25 kwa jumla ya kwenda na kurudi, na simu ikavuta ampea 2, nusu volti inapotelea njiani. Simu inapata 4.5 badala ya 5. Simu ikiona volti zinaporomoka hupunguza yenyewe kiasi inachovuta, ndiyo maana alama ya chaji inawaka huku asilimia zikitambaa. Waya mwembamba wa mita 2 au 3 hufanya hivyo hata ukiwa mpya kabisa.

Nyaya za data nazo zina kazi katika kuchaji. Kwa chaja nyingi, hapo ndipo simu inapojua imechomekwa kwenye chaja ya aina gani na inaruhusiwa kuvuta kiasi gani. Zikikatika, simu hucheza salama na kuvuta kidogo. Kipimo chake hakihitaji kifaa chochote: chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya huo. Kama simu inachaji lakini kompyuta haiioni kabisa, na kwa waya mwingine inaiona, nyaya za data za ule wa kwanza hazifanyi kazi, au hazikuwekwa tangu kiwandani.

Kwenye kichwa cha chaja soma maandishi madogo yaliyo karibu na neno OUTPUT. Volti mara ampea ndizo wati: 5V 1A ni wati 5, 5V 2A ni wati 10, 9V 2A ni wati 18. Betri ya mAh 5000 ikilishwa kwa ampea 1 itamaliza zaidi ya saa 5, na hiyo si hitilafu. Tundu la USB 2.0 la kompyuta kwa kawaida hutoa ampea 0.5 tu, na la USB 3.0 hutoa 0.9, kwa hiyo simu iliyochomekwa kwenye kompyuta huku inatumika inaweza kushuka asilimia bila kitu chochote kuharibika.

Chaji ya haraka ina sharti lake: simu na kichwa lazima vizungumze lugha moja. USB Power Delivery, Quick Charge, na mifumo ya kampuni binafsi si kitu kimoja, na visipoelewana vinarudi kwenye volti 5 za kawaida. Waya nao unahesabika. Waya wa Type-C kwa Type-C wa kawaida hubeba mpaka ampea 3. Ule wa ampea 5 lazima uwe na chipu ndani ya plagi inayoutambulisha. Kichwa cha wati 100 kikiwa na waya usio na chipu hiyo hakitatoa wati 100.

Kuna mtego mmoja kwa wenye maltimita, yaani mita ya kupimia umeme. Kichwa chenye tundu la Type-C hakitoi volti yoyote mpaka kitambue kuna kifaa upande wa pili. Ukikipima kikiwa kitupu utasoma sifuri na kukitupa kikiwa kizima. Kichwa chenye tundu pana la zamani ndicho unachoweza kupima moja kwa moja: zile pini mbili za mwishoni, kushoto na kulia kabisa, kichwa kikiwa kimechomekwa ukutani, zinapaswa kusoma kati ya 4.75 na 5.25. Angalia tu ncha za mita zisigusane.

Kimita cha USB

Kama utanunua kifaa kimoja tu, nunua hiki. Ni kidude kidogo chenye kioo, kinakaa kati ya kichwa na waya, kinaonyesha volti na ampea. Kinamaliza ubishi mwingi kuliko kifaa chochote cha ukubwa wake.

Pima simu ikiwa na asilimia kati ya 20 na 60, kioo kimezimwa. Ukipima ikiwa na 90 utadanganyika: betri ya lithiamu hulishwa kwa nguvu mwanzoni, na inapokaribia kujaa simu inapunguza umeme makusudi. Ampea 0.4 kwenye asilimia 93 ni afya; kwenye asilimia 30 ni tatizo.

Ukiona volti 5 na ampea 0.00, umeme unafika kwenye waya lakini simu haivuti: tazama plagi, tundu, na vilivyo nyuma yake. Ukiona ampea 0.05 hadi 0.15 na simu imezima kabisa, huenda betri imeshuka sana na simu inailisha kwa tone, subiri. Volti zikishuka chini ya 4.7 mara tu simu inapoanza kuvuta, kichwa kinachoka. Kimita kikikaa upande wa kichwa hakioni kinachopotea ndani ya waya, kwa hiyo ili kuupima waya wenyewe badilisha waya tu, kichwa na simu viwe vilevile, ulinganishe ampea. Tofauti ya 0.6 kwa 1.8 hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani. Na namba zikirukaruka ukigusa plagi upande wa simu, njoo kwenye tundu.

Tundu la chaji

Hapa ndipo kwenye kazi nyingi. Simu ikikaa mfukoni hukusanya nyuzi za nguo na vumbi, na kila unapochomeka waya unazishindilia nyuma, mpaka zinakuwa ngumu kama kipande cha blanketi. Plagi haifiki mwisho tena, pini zinagusana nusunusu.

Dalili yake inaonekana kwa macho. Sehemu ya chuma ya plagi ya Type-C ina urefu wa karibu milimita 6.5, na kwenye tundu safi inazama yote na unasikia "tk" ndogo inapokaa. Ikibaki nje hata milimita moja, na kwenye simu nyingine plagi hiyohiyo inazama yote, tundu lina kitu ndani. Kabla ya kusafisha toa kava, kwa sababu kava nene nalo huizuia plagi isifike.

Andaa kijiti cha meno cha mbao au cha plastiki, ukichonge ncha iwe bapa, brashi kavu yenye nywele laini, mswaki wa mtoto unafaa, tochi, na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, ikipatikana 99 ni bora. Manukato, petroli na maji ya moto havina kazi hapa. Zima simu kabisa.

Mulika tochi kutoka pembeni, usimulike moja kwa moja, ili uone kivuli cha kilichojaa nyuma. Kwenye Type-C utaona ulimi mwembamba katikati, unene wake haufiki milimita moja, na pini ziko juu na chini yake. Huo ulimi ndio usioguswa kwa nguvu: ukivunjika, tundu limekwisha. Kijiti kipite kati ya ulimi na ukuta wa chuma, kifike nyuma kabisa, kikwangue polepole kuja nje. Geuza simu mdomo uelekee chini ili kinachotoka kidondoke. Fanya juu, fanya chini, kisha pembe mbili. Kwenye Micro-USB ulimi umeegemea upande mmoja, kwa hiyo vumbi hujaa upande wa pili. Kwenye Lightning, tundu la iPhone za kabla ya Type-C, hakuna ulimi. Uchafu hukaa mwisho wa shimo na kwenye pembe, nawe ukwangue huko bila kusugua ukuta wenye pini.

Mara nyingi kitakachotoka ni kipande kimoja cha kijivu, kama sufi iliyoshindiliwa, kina umbo lile lile la plagi. Kikitoka usiache hapo. Nyuma yake kuna kingine.

Sindano, pini ya laini na kipande cha waya vina madhara mawili. Kwenye Type-C, pini na jirani yake ziko nusu milimita tu kati kwa kati, na chuma kinaziunganisha ile ya umeme na ya jirani. Na hata bila umeme, kinakwangua mpako wa dhahabu, na chini ya dhahabu kutu huanza. Kupuliza kwa mdomo nako kunaingiza mate. Upepo wa kopo (hewa iliyoshindiliwa inayouzwa kwenye kopo) ukiupulizia karibu sana unaweza kusukuma vumbi kwenye kitundu cha maiki, ambacho ndicho jirani wa tundu la chaji.

Maliza kwa brashi iliyoloweshwa kidogo spiriti, isichuruzike, uipitishe mara tano sita. Acha dakika 15, kisha mulika tena utazame rangi. Pini za njano inayong'aa ni nzima. Ukijani au ubuluu ni kutu ya maji. Spiriti na brashi huweza kuitoa ikiwa ya juujuu. Weusi na plastiki iliyoyeyuka ni kuungua, na hapo hakuna usafi utakaosaidia.

Tundu likiwa safi lakini plagi inacheza, usilihukumu upesi. Kwenye Type-C springi zinazoshika ziko ndani ya plagi, yaani kwenye waya, na zimewekwa huko kusudi ichakae ile sehemu iliyo rahisi kubadilisha. Waya wa miaka mitatu unalegea kwenye simu yoyote. Jaribu waya mpya: ukikaa imara, tundu ni zima. Ukicheza vilevile na chaji ikakatika ukiuinua au kuushusha, basi ama ulimi umelegea au miguu ya tundu imeachia risasi (ile ya kuchomelea) kwenye bodi.

Kuna jaribio moja la Type-C ambalo wengi hawalifanyi. Chomeka plagi, angalia kama inachaji, ichomoe, igeuze upande wa pili, uchomeke tena. Ikichaji upande mmoja tu kwa waya wa Type-C kwa Type-C, kuna pini ndogo ya utambuzi iliyokufa au chafu. Ziko mbili kwenye tundu, moja kwa kila upande, na waya hutumia moja tu kwa wakati. Na simu inayochaji kwa waya wa tundu pana kwenda Type-C lakini haichaji kabisa kwa Type-C kwa Type-C mara nyingi ina kasoro hiyohiyo: kile kichwa cha Type-C hakitoi umeme mpaka kiitambue simu kupitia pini hiyo, wakati kichwa cha zamani kinatoa volti 5 bila kuuliza. Hiyo ni kasoro ya tundu au bodi ndogo. Betri haihusiki.

Kama simu ina chaji isiyo na waya, itumie kama shahidi. Ikichaji vizuri juu ya kibao na kwa waya ikagoma, betri haina hatia, na tatizo liko kati ya tundu na bodi kuu.

Alama ya tone la maji

Simu nyingi zikihisi unyevu kwenye tundu hufunga chaji na kuonyesha tone au ujumbe. Usiilazimishe. Maji yakiwapo, volti zinafanya pini ya umeme iliwe kutu kwa kasi mno, na kwa kawaida pini hiyo ndiyo huwa ya kwanza kuwa nyeusi.

Gonga simu taratibu kiganjani tundu likiwa limeelekea chini, iache mahali pakavu penye upepo, ujaribu baada ya dakika 30. Ujumbe ukirudi, ipe siku nzima. Mashine ya kukaushia nywele inasukuma mvuke ndani na kulainisha gundi. Mchele unaacha unga na chembe ndani ya tundu, wala haunyonyi kitu kilicho ndani ya simu. Kilichoingia kikiwa soda, chai au maji ya bahari, kukauka hakutoshi, kwa sababu sukari na chumvi hubaki na kuendelea kupitisha umeme: zima, pitisha brashi yenye spiriti, rudia mara mbili. Chaji isiyo na waya inaweza kukuvusha wakati huo, ukishaifuta simu nyuma ikakauka.

Tone likiendelea kuonekana na una hakika tundu ni kavu, safisha kutu kama ilivyoelezwa. Kwenye Samsung pia unaweza kuingia kwenye orodha ya programu, ukaonyesha programu za mfumo, ukafungua USBSettings, ukafuta kache na data yake, kisha ukawasha upya simu.

Kugoma kusiko kuharibika

Simu inayosimama kwenye 80 kila mara, au 85, karibu daima imewekewa kikomo cha kulinda betri. Tazama mipangilio ya betri kabla ya kumwita fundi.

Joto nalo. Betri za lithiamu huchajiwa kati ya nyuzijoto 0 na 45 za selsiasi. Ikipita hapo simu hupunguza au hukata, na chini ya sifuri hugoma, kwa sababu kwenye baridi lithiamu hujijenga kama chuma juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake. Simu inayochajiwa chini ya mto, juani, au huku inacheza gemu ndani ya kava nene haina ugonjwa.

Kutenganisha programu na vifaa ni rahisi: izime, ichaji dakika 30 ikiwa imezimwa, uandike asilimia. Ikipanda vizuri ikiwa imezima na ikawaka haipandi, kuna programu inayokula kuliko kinachoingia. Washa kwa hali salama (safe mode), ambapo programu ulizoweka mwenyewe hazifanyi kazi, uone kama inabadilika. Simu nyingi za Android hulazimishwa kujiwasha upya kwa kushikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde 10 hadi 15. Fanya hivyo hata kama huamini, maana simu iliyoganda ikiwa imezima kioo inafanana kabisa na isiyopokea chaji.

Baadhi ya Android hufungua ukurasa wa taarifa ukipiga \*#\*#4636#\*#\*, na Samsung nyingi huonyesha hali ya betri kwa \*#0228#. Tafuta joto la betri. Ukikuta nyuzi 20 chini ya sifuri na simu iko mkononi mwako ina uvuguvugu, kipimajoto cha ndani ya betri hakisomeki: kiunganishi cha betri kimelegea, kina kutu, au betri iliyowekwa haikuwa sahihi. Simu kama hiyo inakataa chaji kwa kudhani iko kwenye barafu.

Betri yenyewe

Simu iliyokaa kabatini miezi kadhaa hushuka chini ya volti 3, na hapo chipu huilisha kwa umeme mdogo sana mpaka ipande. Kioo kinaweza kubaki cheusi nusu saa au zaidi. Tumia kichwa cha ukutani, usitumie kompyuta, uiache saa mbili tatu kabla ya kukata tamaa. Kuiamsha kwa kuigusisha na betri nyingine ni njia ya kuunguza vidole.

Betri iliyochoka ina tabia zake: kutoka 30 inaruka hadi 5, inazimika ukifungua kamera, inajaa haraka kupita kiasi na kuisha vilevile. Kwenye iPhone soma kiwango cha juu cha uwezo katika mipangilio. Kikiwa chini ya 80 kuibadilisha kuna maana. Betri inayotoka kwa mkono ipime kwenye pini zilizoandikwa + na −: ikisoma kati ya 3.4 na kikomo kilichoandikwa juu yake, ambacho kinaweza kuwa 4.2, 4.35 au 4.4, ina uhai. Ikisoma chini ya 2.5, ni ya kubadilisha.

Kubadilisha bodi ndogo ya tundu

Fika hapa ukiwa na ushahidi: waya na kichwa ni vizima kwenye simu nyingine, tundu limesafishwa, na kimita bado kinasoma sifuri au kinarukaruka. Simu nyingi za Android zina tundu juu ya bodi ndogo peke yake, ambayo mafundi huiita sistimu ya chaji, na inabadilishwa bila risasi. Kwenye iPhone tundu limo kwenye fleksi moja na vitu vingine, na kazi ni ndefu zaidi. Zipo pia simu ambazo tundu limechomewa kwenye bodi kuu moja kwa moja.

Nunua kipuri kwa namba ya modeli, usinunue kwa jina la dukani. Galaxy A12 ina SM-A125F na SM-A127F, jina moja na prosesa mbili tofauti, kwa hiyo usidhani vipuri vyake vinaingiliana. Linganisha bodi mpya na ya zamani kabla ya kuifunga: idadi na nafasi ya viunganishi, kitundu cha maiki, na zile chipu ndogo. Kuna bodi za rahisi zilizoachwa bila chipu ya chaji ya haraka. Zitachaji, ila taratibu, nawe utazunguka ukilaumu chaja.

1. Shusha betri chini ya asilimia 25. Betri iliyojaa ikitobolewa kwa bahati mbaya huwaka vibaya zaidi.
2. Toa trei ya laini kwanza. Ikisahauliwa, inakwama na kuvunja kishikio wakati mfuniko unatoka.
3. Pasha kingo za mfuniko wa nyuma kiasi cha nyuzi 70 hadi 80 kwa dakika moja au mbili, ingiza kadi nyembamba ya plastiki, zunguka nayo. Usiizamishe zaidi ya milimita chache, na usivute mfuniko kwa nguvu: simu nyingine zina fleksi ya alama ya kidole iliyoshikana nao.
4. Fungua skrubu kwa bisibisi PH00 na uzipange kwenye karatasi kwa mchoro wa mahali zilipotoka. Hazilingani urefu. Skrubu ndefu kwenye tundu la fupi hutoboa matabaka ya bodi, na hasara hiyo haina tiba ya bei rahisi.
5. Chomoa kiunganishi cha betri kabla ya kingine chochote, kwa kijiti cha plastiki.
6. Chomoa fleksi kuu na waya wa antena, ambao huinuliwa wima bila kuvutwa pembeni. Toa bodi ndogo. Hamisha mpira na wavu wa maiki, maana vipuri vingi haviji navyo, na bila mpira huo wanaokupigia watalalamika hawakusikii.
7. Weka mpya, rudisha fleksi na antena, betri iwe ya mwisho. Washa ujaribu kabla ya gundi: chaji kwa pande zote mbili za plagi, kompyuta kuiona simu, maiki, mtandao, mtetemo.

Kasoro ikibaki palepale, badilisha fleksi kuu kwanza. Hukatika ndani pale inapojikunja, na kwa macho hauoni kitu. Safisha viunganishi vyake kwa spiriti. Ikishindikana, betri ikiwa imechomolewa, weka mita kwenye mlio na upime kati ya pini ya volti 5 na chuma cha fremu. Ikilia mfululizo kuna shoti, na usichomeke tena chaja hata kwa kujaribu. Isipolia, chipu ya ulinzi au inayosimamia chaji iko mashakani. Hiyo ni kazi ya darubini na mchoro wa bodi.

Tundu lililochomewa kwenye bodi nalo halitaki papara. Risasi isiyo na madini ya risasi huyeyuka karibu nyuzi 217, wakati ile ya zamani iliyochanganywa huyeyuka 183, kwa hiyo mafundi huchanganya ya zamani kwenye miguu ili joto linalohitajika lishuke. Hufunika maiki na plastiki za jirani kwa utepe wa kuzuia joto, hupaka flaksi (dawa inayosaidia risasi kuyeyuka na kushika vizuri), hupasha bodi kutoka chini, ndipo upepo wa moto wa nyuzi 350 hadi 380 unatumika juu. Anayeling'oa tundu kabla risasi haijayeyuka yote hutoka na vibandiko vya shaba vya bodi. Muulize fundi kama ana hita ya chini. Akikuambia hana na haoni sababu ya kuwa nayo, chukua simu yako.

Ukishafunga, shusha simu hadi 20 na upime tena kwa kimita, waya ule ule na kichwa kile kile ulivyopima mwanzo, uone namba zimebadilika. Itikise plagi kidogo huku unatazama ampea, zisiruke. Iguse baada ya nusu saa: uvuguvugu ni sawa, moto karibu na tundu si sawa na unamaanisha mgusano mbaya. Na gundi mpya ya mfuniko, hata ikibandikwa vizuri, hairudishi kinga ya maji ya kiwandani. Alama ya IP68 kwenye boksi haihusu tena simu hiyo.